Mikono ya Pacha

Kampala,
15 Septemba 1963

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Mama mkubwa na wote hapo Osukuru. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu mvua ipungue. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una neno.

Matokeo ya jaribio la kwanza yamebandikwa ukutani. Nimeanguka. Chini ya jina langu kulikuwa na wawili tu, na mmoja wao alikuwa na malaria siku ya jaribio. Profesa aliniita ofisini. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba mtihani mkubwa ni Machi, na atakayeanguka huo hataendelea na udaktari.

Si kwamba sisomi, Mjomba. Nasoma hadi macho yanawasha. Mwaka jana tulipokuwa na vyura na kemia nilikariri ukurasa kwa ukurasa, kama tulivyokariri katekisimu, nikapita. Mwaka huu tumeanza mwili wa mtu. Kitabu chenyewe ni kizito kama jiwe la kusagia, na nikifika ukurasa wa kumi ule wa kwanza umeshanitoka.

Wewe umekuwa mwalimu, ukawa mkaguzi wa shule, na umeona wanafunzi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Niambie nifanye nini. Mama usimwambie kwa sasa.

Mpwa wako,
Elphas Opio


Osukuru, Tororo,
24 Septemba 1963

Mpwa wangu Elphas,

Sisi ni wazima. Goti ni lile lile. Kiwanda cha mbolea kinatumwagia vumbi jeupe juu ya mihogo tunayoanika, na Mama mkubwa wako hutoka nje kila asubuhi akakitukana kana kwamba kitasikia. Tunashukuru kwamba nguvu za kutukana bado anazo.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta, kisha nikatafuta mahali pa kukaa nikaisoma tena.

Nikueleze jambo moja. Zamani nilikagua darasa fulani Kirewa. Mwalimu akamwita msichana mmoja asome. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, vituo vyote mahali pake. Nilipomkaribia nikaona amekishika kitabu juu chini. Alikuwa amekariri. Mwalimu wake alijivuna sana. Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Sasa wewe, mwanangu, umekishika kitabu cha mwili juu chini.

Fanya hivi. Soma kidogo, kurasa mbili hivi, kisha ufunge kitabu. Chukua karatasi tupu uchore ulichosoma bila kuchungulia. Utaona haya, maana karatasi itabaki nyeupe mahali pengi. Hapo palipobaki peupe ndipo pa kurudi. Wanafunzi wengi hurudia yale wanayoyajua kwa sababu yanawapendeza. Kesho yake, kabla ya kugusa jambo jipya, chora tena la jana. Baada ya juma, chora tena. Jambo lililokuwa likikutoka, ukilivuta likarudi, hukaa kuliko lile ulilolisoma mara tano mfululizo. Hili nimeliona kwa watoto wa shule ya Mella, na kwa walimu wao pia.

Tafuta mwenzako mmoja wa kuulizana naye, na asiwe mpole sana. Ulale usingizi wa kutosha, maana mtu aliyekesha husoma kwa macho peke yake. Na jambo ninalolithamini kuliko yote ni hili: mfundishe asiyejua. Mtafute mtu ambaye hajawahi kusikia hata neno moja la udaktari, umweleze kwa maneno ya nyumbani. Ukishindwa kumwelewesha, jua kwamba wewe mwenyewe hujaelewa.

Mama yako sitamwambia.

Mjomba wako,
Erisa


Kampala,
10 Novemba 1963

Mpendwa Mjomba,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na safari hii hata moyo ni mzima. Mwambie Mama mkubwa naomba akitukane kiwanda mara moja kwa niaba yangu.

Njia yako inafanya kazi. Juma la kwanza karatasi zangu zilikuwa nyeupe kama mashuka ya hospitali, nikataka kulia. Sasa naweza kuchora mkono mzima, mifupa, misuli na mishipa, kitabu kikiwa chini ya kitanda. Mwenzangu wa kuulizana ni Egau, Mteso wa Soroti. Hana upole hata kidogo. Nikikosea ananiita daktari wa vyura, na akinikuta na karatasi zangu ananiuliza, "Opio, utaioa lini hiyo picha?"

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza. Katika chumba cha kupasulia kila meza tuko wanne. Maiti wetu tunamwita Mzee, kwa kuwa jina lake hatulijui. Juzi tukiwa kwenye kifua, Egau alisimama ghafla.

"Ngoja kwanza. Wewe ni Opio. Opio wa kweli, yaani pacha, au jina la babu tu?"

"Wa kweli."

"Mwenzako yupo?"

"Yupo. Mildred Adongo. Anashona nguo Busia, upande wa Kenya, nyumbani kwetu."

Akatoa mikono yake akanitazama. "Na kwenu wamekuruhusu? Kwetu pacha hata kaburi hachungulii."

"Kwetu pia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nipe kisu."

Wengine walicheka, nami nikacheka. Ila sijalisahau. Mama hajui kwamba tunashika wafu. Anadhani tunafundishwa dawa. Nimwambie?

Mpwa wako,
Elphas


Osukuru,
24 Novemba 1963

Mpwa wangu Elphas,

Tunakushukuru kwa salamu. Zile za kiwanda zimefikishwa kwa sauti kubwa. Sote tu salama.

Nilikuwa nangoja swali lako. Wewe unaijua mila hiyo kama ninavyoijua, lakini acha niieleze, maana jambo likielezwa hupungua ukali. Kwetu husemwa kwamba pacha ni mtu mmoja aliyekuja kwa miili miwili. Mmoja akimshika maiti, kifo kinapata njia ya kumfikia mwenzake. Mimi ni mzee wa kanisa na nimefundisha sayansi, kwa hiyo siamini kwamba Mzee wenu ana neno lolote na Mildred. Mauti hayasomi majina.

Lakini fikiri pia mama yako anavyoliona. Kabla yenu alizika watoto wawili. Mlipozaliwa wawili kwa siku moja, alisema wale wamerudi. Tangu hapo hajawahi kuwahesabu mbali mbali. Hata nguo alikuwa akinunua kitambaa kimoja na kukikata mara mbili.

Kwa hiyo usimwambie uongo akikuuliza, lakini pia usimpelekee jambo ambalo hajaliuliza. Endelea kuchora.

Mjomba wako,
Erisa


Kampala,
12 Januari 1964

Mpendwa Mjomba,

Salamu za mwaka mpya kwako na kwa Mama mkubwa. Niwie radhi kwamba sikupita Osukuru. Niliondoka Busia kwa basi la asubuhi la Jinja, na niliondoka kwa namna ambayo nisingeweza kupita kwa mtu.

Krismasi ilianza vizuri. Busia upande wetu bado kuna vibendera vya uhuru kila duka, na Mildred ameshona nguo za bendera hadi hawezi kuona rangi ya kijani bila kupiga miayo. Baada ya chakula nikakumbuka uliloniambia: mfundishe asiyejua. Na nani asiyejua zaidi ya Mildred? Nikaushika mkono wake nikaanza kumfundisha.

"Kunja vidole," nikamwambia. "Sasa gusa hapa karibu na kiwiko. Unasikia kinachosogea? Vidole vyako vinavutwa kutoka huku juu."

"Kama nyuzi za cherehani?"

"Kabisa kama nyuzi. Na nyuzi zote zinapita chini ya ukanda mmoja hapa kwenye kifundo."

Mjomba, alielewa kila kitu. Sijawahi kueleza vizuri vile. Kisha akauliza, "Na wewe umezionaje, na ziko chini ya ngozi?"

Nikamjibu kabla ya kufikiri.

Hakuogopa hata kidogo. Alicheka akapaza sauti, "Mama! Njoo usikie! Opio anapasua wafu kama mimi ninavyokata vitambaa!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Hakumtazama Mildred wala mimi. Alitazama sahani. Mimi na Mildred tulikuwa tumekula sahani moja, kama tunavyofanya kila Krismasi tangu utotoni.

"Umekula naye," akasema. "Kwa mikono hiyo."

"Mama, tunanawa kwa dawa kali, hata—"

"Nimekuuliza habari ya sabuni?"

Akaichukua sahani akatoka nayo nje. Sikuiona tena. Asubuhi nilipokuwa nikiondoka alimzuia Mildred asinisindikize kituoni.

Nenda ukazungumze naye, tafadhali. Wewe atakusikiliza.

Mpwa wako,
Elphas


Osukuru,
27 Januari 1964

Mpwa wangu Elphas,

Mungu akulinde huko. Sisi tu wazima, na mama yako na Mildred pia ni wazima. Nimewaona kwa macho yangu.

Nilivuka mpaka Jumamosi. Mama yako alinipa kiti, akanipa chai, kisha akasimama mlangoni.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Taaka, dada yangu, mtu hawezi kuwa daktari bila kuujua mwili. Ni kama Mildred: angeshonaje bila kushika kitambaa?"

"Kitambaa hakimfuati mtu nyumbani," akasema.

Baadaye alimwita Bibi Teopista. Unamkumbuka, huongoza akina mama kanisani, na ndiye pia anayejua mambo ya mapacha, maana amezaa mapacha mara mbili. Anasema lipo la kufanya. Mtaketi kizingitini wewe na Mildred, mgongo kwa mgongo, mtaoshwa kwa maji ya chungu kimoja, na utaahidi mbele ya ukoo kwamba mikono yako haitamgusa maiti tena. Nikamwuliza kwa upole kama haiwezekani kungoja hadi umalize masomo. Akaniambia, "Mwalimu, nimwogeshe mtu aliye bado shimoni akichimba?"

Nimeeleza kila nilichoweza. Nimechora hata picha. Mildred peke yake ndiye aliyenisikiliza, naye alikuwa hahitaji kuelezwa.

Mama yako anataka uje sasa. Mimi nimemwomba angoje hadi mtihani upite. Hakukubali wala hakukataa.

Mjomba wako,
Erisa


Kampala,
9 Februari 1964

Mpendwa Mjomba,

Salamu na shukrani. Mimi ni mzima.

Jaribio la pili limerudi. Jina langu lilikuwa la nne kutoka juu. Egau alikuwa wa tisa, na tangu jana hajaniita daktari wa vyura hata mara moja, nadhani anaumwa.

Ahadi ile siwezi kuitoa, Mjomba. Nikiitoa nimeacha udaktari. Nitakuja baada ya mtihani, nitazungumza na Mama mwenyewe. Karatasi za kuandika zinaanza tarehe 9 Machi, na mtihani wa vitendo ni juma linalofuata. Mwambie ni majuma machache tu.

Mpwa wako,
Elphas


Osukuru,
3 Machi 1964

Elphas,

Barua hii nampa karani wa treni niliyemfundisha, ikufikie kesho. Nisamehe kwa kutoanza na salamu.

Mildred anaumwa. Ilianza Jumamosi kwa kichwa na homa. Tulidhani ni malaria. Jana nilimkuta amefunika macho kwa kanga, hataki mwanga. Mama yako alipomwinua ampe uji, shingo haikukunjika. Alinyanyuka mzima kama ubao.

Nimemwomba mama yako tumpeleke hospitali ya Tororo. Anasema ugonjwa huu anaujua ulikotoka, na Mildred hatoki kwenye kizingiti kile hadi uje muoshwe pamoja. Bibi Teopista mwenyewe amesema hospitali haina ubaya, lakini mama yako hasikii.

Nimekaa na kalamu hii kwa muda mrefu. Sijui kama ninakuandikia ili uje au ili usije.

Mjomba wako


Kampala,
4 Machi 1964

Mjomba,

Karani amenipata, nami nampa jibu hili leo hii.

Mpelekeni hospitali. Msingoje. Egau alinipeleka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tano, naye aliposikia habari ya shingo hakuniacha nimalize. Anasema ni homa ya uti wa mgongo, iko sindano ya kuitibu, lakini kila siku inayopita inachukua kitu.

Unajua ninajua nini, Mjomba? Ninajua jina la kila msuli unaoikaza shingo ya Mildred. Ninajua unapoanzia na unapoishia. Naweza kuichora shingo hiyo gizani. Hadi leo tumefundishwa mwili usioumwa. Ugonjwa unaanza mwaka ujao.

Treni ipo kesho. Nikija, Mama atataka niahidi, na nikiona Mildred alivyo nitaahidi, najijua. Nisipokuja na akafa, nitakuwa daktari wa nani? Niamulie wewe.

Elphas


Tororo, hospitali,
5 Machi 1964

Mpwa wangu,

Barua yako ilinikuta asubuhi. Nilikodi gari la mwenye duka wa Busia nikaenda kumchukua. Sikumwomba mama yako ruhusa mara hii. Tulipokuwa tukimtoa alisimama kando ya gari akasema, "Ukimtoa bila nduguye, wewe ndiye utakayenijibu, kaka." Kisha akapanda nyuma, akampakata kichwa hadi Tororo, akikikinga kila penye shimo.

Amechomwa sindano mgongoni, na nyingine za dawa. Daktari amesema tumechelewa kuja, lakini atajaribu. Hafumbui macho. Mama yako ameketi nje ukutani, hataki kuingia wala kuondoka.

Umeniomba nikuamulie. Kama mwalimu nasema kaa, fanya mtihani. Kuja kwako hakuongezi dawa. Kama ndugu wa mama yako, siwezi kulitamka hilo nikiwa ninamwona pale ukutani. Basi nakuandikia kama mwalimu.

Lala mapema. Anza na swali unalolijua.

Mjomba wako,
Erisa


Kampala,
20 Machi 1964

Mpendwa Mjomba,

Sijapata habari tangu barua yako ya tarehe 5. Nimeandika mara mbili. Labda barua zimekwama, labda kuna jambo usilotaka kuniandikia. Mildred yu hai? Anza na hilo utakaponijibu, hata kabla ya salamu.

Karatasi za kuandika zilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Nilianza na swali ninalolijua, na nilikuwa nikiyajua yote. Nilichora hadi msimamizi akasimama nyuma yangu kutazama.

Mtihani wa vitendo ulikuwa juzi. Unasimama mbele ya meza, mtahini mmoja upande wa pili. Kulikuwa na mguu uliofunuliwa kutoka paja hadi unyayo. Akaniambia niinue mshipa mkubwa wa fahamu nimwonyeshe unakopita. Nikamweleza: unatoka hapa, unapita nyuma ya paja, unagawanyika juu ya goti, huu unazunguka mfupa mwembamba.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa nionyeshe."

Nikaeleza tena, kwa urefu zaidi.

"Bwana Opio, koleo iko mbele yako."

"Naam, bwana."

Nikaitazama koleo. Egau, kwenye meza ya pili, akakohoa. Mtahini alikuwa mtu mwema, Mjomba. Alisubiri. Aliniuliza kama ninaumwa. Mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo wangu, nami nilikuwa nikiiamuru ije mbele kama mtu anayemwita mbwa wa jirani.

Usidhani ninaamini. Nimejiuliza siku mbili hizi, na jibu ni hapana, siamini. Lakini sikuwa na habari zenu, na pale mezani nilifikiri: ikiwa bado yu hai saa hii, mimi nisiwe ndiye wa kumpelekea kifo.

Wamenipa nafasi moja ya kurudia vitendo, mwezi Juni. Sijui mikono itakuwa imebadilika nini ifikapo Juni. Unayo njia? Umekuwa na njia kwa kila jambo.

Mpwa wako,
Elphas


Osukuru,
5 Aprili 1964

Mpwa wangu Elphas,

Yu hai. Alifumbua macho tarehe 12, nikakuandikia siku ile ile. Leo nimeambiwa posta kwamba barua zangu zilipelekwa Nairobi kwa makosa. Yu hai, na amerudi nyumbani tangu Pasaka.

Sasa nikueleze na lile lingine. Hasikii. Masikio yote mawili. Daktari anasema homa ndiyo iliyoyachukua, na kwamba angeletwa siku zile za kwanza huenda yangepona. Haya aliniambia mimi peke yangu, nami sijamwambia mama yako. Mildred amerudi kwenye cherehani. Huweka kiganja cha kushoto juu ya chuma ili ajue kama inakwenda sawa. Anatutazama midomo, na tukisahau tukasema wote kwa pamoja, anarudi kazini kwake.

Barua yako nilimsomea mama yako, yote, hata ile sehemu ya koleo. Alikuwa hajala vizuri tangu Februari. Aliposikia kwamba hukumgusa yule maiti, akasema, "Basi ndiyo sababu amepona." Akainuka, akachinja kuku, akatupikia sote.

Nilitaka kumweleza. Mildred alifumbua macho kabla ya mtihani wako wa vitendo. Ni jambo la kalenda tu, mtoto wa darasa la pili angelielewa. Nilifungua kinywa kabisa. Kisha nikamwona jinsi alivyokuwa akila, akimchagulia Mildred vipande vizuri, nikaona nikisema hilo itanibidi niseme na lile la daktari. Nikanyamaza nikala kuku aliyechinjwa kwa sababu mpwa wangu ameanguka mtihani.

Unaniuliza kama nina njia. Nimelifikiri swali lako siku zote hizi. Ninajua jinsi ya kukifundisha kichwa kisichoshika. Mkono unaojua kila kitu na hautaki, sikuwahi kuukagua katika shule yoyote. Ningeweza kukuandikia kurasa mbili za maneno mazuri, na wewe ungezisoma kwa heshima, na Juni ungesimama pale pale.

Mama yako ameniagiza nikuandikie uje kwa treni ya kwanza, Bibi Teopista yuko tayari na maji yatakuwa yamechemshwa. Uahidi, yaishe, ukae nyumbani. Mildred, ambaye barua yako aliisoma mwenyewe, alituona tukizungumza. Akachukua chaki yake ya kushonea, akaandika juu ya kitambaa cha mtu: *Mwambie arudie.* Mama yako hajui kusoma. Akaniuliza ameandika nini, nikamwambia ni vipimo vya nguo.

Nimewaahidi wote wawili kwamba nitakuandikia. Nimeandika.

Mjomba wako,
Erisa